Nimebadilisha glopu mara nne na bado usiku sioni: taa za gari langu zina ugonjwa gani?

#1 Msafiri wa Jioni

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijaumaliza mshahara kwa wauza glopu.

Nina kigari cha mtumba kutoka Japani, cha mwaka 2005, nilikinunua hapahapa Dar kikiwa kimeshapita mikono miwili. Aina yake sitaji, maana nawajua, uzi utageuka wa ushabiki wa magari kabla hatujafika ukurasa wa pili. Mchana halina neno. Jua likizama ndipo linaponitoa jasho. Nikiwasha dimu, ule mwanga mfupi wa kupishana, napata mwanga wa njano uliotawanyika, unamulika matawi na vibao vya barabarani, lakini lami yenyewe giza. Nikiwasha fulu, ule wa kumulika mbali, ndiyo unahamia mitini kabisa.

Nilianza kwa kununua glopu za kawaida. Hamna kitu. Nikanunua zile zenye kioo cha bluu, muuzaji akaniapia kwamba zinatoa mwanga wa zenoni, zile taa za gesi zisizo na uzi. Nikaona gizani zaidi. Nikanunua tena za kawaida za bei kubwa. Mwisho mwezi uliopita nikaweka LED, elfu themanini jozi. Hapo kweli mbele ya boneti kukawa kweupe kama uwanja wa mpira, nikashangilia siku mbili. Siku ya tatu nikagundua kila ninayepishana naye ananipiga fulu. Kila mtu, hadi bodaboda.

Kilichonileta hapa ni cha Ijumaa. Natoka Morogoro narudi Dar, saa mbili usiku, kati ya Mikese na Chalinze, niko themanini hivi. Linakuja lori, taa kali, na mimi nimeshusha dimu. Tulipopishana tu, macho hayajarudi vizuri, naona majani ya mti yametandazwa kwenye lami. Mnajua maana yake. Nilikanyaga breki hadi gari likaserereka, likaja kusimama pale ambapo ningeweza kusoma maandishi ya turubai la semitrela lililokufa njiani, nyuma halina kiakisi hata kimoja. Mke wangu hakusema neno hadi tumefika Kibaha.

Swali langu ni hili: inakuwaje taa ileile mimi hainitoshi na mwenzangu inamuumiza?

#2 Kobe Mwendapole

Themanini usiku kwa taa hizo? Mkuu una roho ya paka. Kula karoti kwanza, glopu baadaye.

#3 Fundi Waya

Mleta mada, swali lako la mwisho ndilo swali sahihi, na watu wengi hawajiulizi. Mimi ni fundi umeme wa magari, nina miaka kumi na saba kwenye kazi hii. Glopu ni kitu cha mwisho kabisa cha kununua. Wewe umeanzia mwisho mara nne.

Taa ya gari ni vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja: umeme unaofika kwenye glopu, kasha lenye rifleta (ile bakuli inayong'aa ya kurudisha mwanga mbele) na kioo chake, na uelekeo wa taa yenyewe. Glopu ni mshumaa tu. Ukiweka mshumaa mkubwa ndani ya kandili lenye masizi lililoinama, umeongeza nini?

Nianze na hiyo LED maana ndiyo inayokuletea ugomvi na watu. Gari la namna yako mara nyingi linatumia glopu ya H4, ile ya miguu mitatu. Ndani yake kuna nyuzi mbili, wati 60 ya fulu na wati 55 ya dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati. Kikombe kile ndicho kinachozuia mwanga usiende nusu ya chini ya rifleta, kwa sababu mwanga unaogonga pale hutoka ukiwa umepanda juu, usoni kwa anayekuja. Rifleta nzima imechongwa kwa hesabu ya uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja, ukikosea kwa milimita moja umeharibu mpango wote. Sasa LED yako haina uzi. Ina vidonge vya taa vilivyobandikwa huku na huku kwenye ubao, vina unene wake na vina nafasi yake. Rifleta haivijui. Inautupa mwanga wake kila upande.

Halafu ule weupe uliokufurahisha mbele ya boneti ndio unaokupofusha. Mboni ya jicho ikiona kweupe karibu inajifunga, huku mbali giza linazidi. Unajiona unaona vizuri, kumbe unaona mita kumi na tano vizuri.

Na zile za bluu, ondoa kabisa kichwani. Halojeni, yaani glopu ya kawaida ya uzi, ina mwanga wa Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) kama 3200. Ili uonekane mweupe wa buluu, wamepaka rangi kwenye kioo cha glopu, na rangi ile inakula mwanga. Umelipia kichujio.

Nijibu matatu. Kioo cha taa kikoje, cheupe au cha njano? Gari lilishawahi kuguswa miguu, yaani springi, shokapu au spesa, vile vipande vya kunyanyulia gari? Na una multimita, ile mita ya kupimia umeme, au jirani mwenye nayo?

#4 Shombe la Tanga

Fundi na heshima zote, mimi nina LED mwaka wa pili na naona mpaka sisimizi. Nyie mafundi wa zamani mnapinga kila kitu kipya.

#5 Fundi Waya

Mkuu, LED siipingi. Gari lililotoka kiwandani na LED zake, kasha lake limechongwa kwa LED, hilo ni jambo jingine kabisa. Marekani taasisi ya bima ya usalama barabarani, IIHS, ilipoanza kupima taa za magari 2016 kwenye magari 31 ya daraja la kati, lililopata alama ya juu lilikuwa moja tu, Toyota Prius v, tena la LED. Hayo mengine yalikuwa magari mapya kabisa, na kuna ya bei mbaya humo ndani yaliyoshindwa. Shida kubwa ilikuwa mwanga haufiki mbali, au unamuumiza anayekuja. Kama wenye maabara wanakosea, sisi na glopu ya elfu themanini tutapatia?

Jaribu hivi: mwambie mtu asimame barabarani mita sitini, amevaa nguo nyeusi. Kaa kwenye usukani, washa dimu. Ukimwona, njoo uniseme.

#6 Kipara cha Moro

Mimi nitaongelea kioo tu. Vioo vya taa vya siku hizi siyo kioo, ni plastiki ngumu ya polikaboneti. Kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kuzuia jua. Ngozi ile ikiisha, plastiki inaungua taratibu, inakuwa na utando wa njano na vinyufa vidogo. Gari la miaka ishirini linaloegeshwa juani Dar, hakuna muujiza. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, walipima 2018 taa za namna hiyo wakakuta zinatoa kama asilimia 20 ya mwanga wa taa mpya. Yaani kati ya sehemu tano umebaki na moja. Na zile nne hazipotei zote, nyingine zinasambaa hovyo, ndizo hizo zinazomulika matawi yako.

Msije mkaniambia dawa ya meno. Nimeifanya. Inang'arisha, unapiga picha, miezi miwili hivi utando umerudi, kwa sababu hujarudisha ngozi. Vijana wa kuoshea magari wana mbaya zaidi, dawa ya mbu ya kupuliza. Inayeyusha plastiki juu juu ndiyo maana inaonekana imetakata. Baadaye inapasuka pasuka kama tope lililokauka, hapo hata msasa hauokoi.

Kazi ya kweli ni msasa wa maji: 800, kisha 1200, 2000, umalizie 3000, polishi, halafu fundi rangi akupigie klia, ile rangi angavu ya juu, yenye kinga ya jua. Bila klia ya mwisho umejichosha bure. Hata ukifanya vizuri, walewale AAA waliona inarudi kama asilimia 70, siyo mia. Taa nzima mpya ndiyo inarudisha yote, mwenye uwezo anunue.

#7 Msafiri wa Jioni

Fundi, majibu yangu yananitia aibu.

Kioo ni cha njano, na ndiyo, nilipigwa dawa ya meno mara mbili na mara moja dawa ya mbu. Nilidhani ni huduma.

Spesa zipo. Mbele tu, inchi mbili. Kule ninakokaa barabara ina mawe, bampa ilikuwa inakwangua kila siku, kijana wa gereji akanishauri ninyanyue mbele kwanza, nyuma nikipata hela.

Multimita sina ila naazima.

#8 Fundi Waya

Basi mgonjwa tumempata.

Sikiliza hesabu, ni ya darasa la saba. Taa ya dimu inatakiwa iiname kwa asilimia 1, yaani kila mita kumi mwanga ushuke sentimita kumi. Kama taa yako iko sentimita 65 kutoka chini, ukingo wa mwanga unagusa lami mita 65 mbele. Gari lako kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ni kama mita 2.5. Ukinyanyua pua peke yake kwa sentimita 2.5, umeshafuta ile asilimia 1 yote, mwanga unakwenda sawa na macho ya watu. Wewe umenyanyua sentimita tano. Taa zako zinatazama angani kwa asilimia 1. Ndiyo sababu unaona matawi na vibao, lami huoni. Ulipoweka LED umechukua hilo tatizo ukaliongezea nguvu.

Hakuna glopu inayotibu spesa. Ni bisibisi. Nyuma ya kila taa kuna skrubu ya kupandisha na kushusha. Egesha gari pahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, upepo wa matairi uwe sawa, mtu mmoja akae kwenye kiti cha dereva. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, piga alama ukutani. Ukingo wa mwanga wa dimu uwe sentimita 5 chini ya alama. Mwenye gari lenye kile kigurudumu cha kushushia taa kwenye dashibodi, chenye 0 hadi 4 au 5, kiwe sifuri wakati wa kupima.

Na wenye zenoni za kiwandani, kuna kijiti cha sensa kimeunganishwa na mguu wa nyuma, kinaiambia taa kwamba gari limebeba mzigo kiasi gani. Mkinyanyua gari bila kukirekebisha kile, taa zinadanganywa maisha yote.

Umeme utapima kesho. Pima taa zikiwa zimewaka na glopu ikiwa mahali pake, chomeka ncha za mita nyuma ya soketi. Ukichomoa glopu ukapima soketi tupu utasoma volti za betri kamili, ukadhani mambo safi. Hapo ndipo mafundi wengi wanapodanganyika.

#9 Dereva wa Rusumo

Nimesoma kimyakimya, sasa hili la kuumiza wanaokuja limenigusa. Mimi nashusha mizigo Kigali, zamani nilikuwa nakwenda Lubumbashi kupitia Tunduma.

Taa ya dimu haiko sawa kulia na kushoto. Gari la kwetu, tunaopita kushoto, mwanga umekatwa upande wa kulia na umepanda kidogo upande wa kushoto, uone mtembea kwa miguu pembeni. Gari la Rwanda, Burundi au Kongo ni kinyume. Ukivuka Rusumo unahamia kulia, na taa zako za Tanzania sasa kile kipande kilichopanda kinamwingia dereva anayekuja machoni moja kwa moja. Nao wakija huku wanatufanyia vilevile, ndiyo maana malori ya kutoka kule usiku mnayalaani hata yakiwa yameshusha dimu. Siyo roho mbaya. Kasumbalesa hivyohivyo, Zambia wanapita kushoto, unaingia Kongo unahamia kulia.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anabandika solotepu nyeusi kwenye kipembe cha kioo akifika mpakani, akirudi anabandua. Nami nafanya hivyo hadi leo.

Sasa ninyi wa magari madogo mnajiuliza inawahusu nini. Spea. Taa za mtumba zinakuja pia kutoka Dubai na Sharjah, na kule wanapita kulia. Unauziwa taa safi, kioo kama maji, bei nzuri, unafunga, inaingia vilevile kwenye matundu yake. Kisha unapigwa fulu hadi unachoka. Washeni mbele ya ukuta: kwetu ukingo unatakiwa kupanda upande wa kushoto wa dereva. Ukiona unapanda kulia, rudisha dukani.

#10 Mbongo wa Leicester

Dereva amesema kweli. Huku Uingereza tukivuka kwenda Ufaransa kwa gari tunabandika vibandiko maalumu kwenye taa kwa sababu hiyohiyo, vinauzwa hata melini. Taa zenye nembo ya E ya viwango vya Ulaya, ukisimama mbele yake ukaona mshale unaoelekea kulia kwako, hiyo ni ya kupita kushoto. Isiyo na mshale ni ya kupita kulia. Wenye kununua spea wakariri hiyo.

Na ukaguzi wa kila mwaka huku, ukikutwa umechomeka HID, yaani zenoni, kwenye kasha la halojeni, gari linafeli. Hawabishani na wewe. Taa zinazozidi lumeni 2,000 (kipimo cha wingi wa mwanga) zikitoka kiwandani lazima gari liwe na mtambo wa kuzirekebisha zenyewe na vinyunyizio vya kuziosha. Halojeni ya dimu ya H4 ni lumeni kama 1,000. Zenoni ni kama 3,200. Ndiyo mjue ukubwa wa mnachochomeka kule Ilala kwa dakika kumi.

#11 Kobe Mwendapole

Kumbe ile spea niliyobeba kwa bei ya ndugu… ngoja niende ukutani.

#12 Dada wa Mbezi

Samahani mleta mada nadandia. Langu lina zenoni za kiwandani. Ya kushoto inawaka vizuri, baada ya kama dakika kumi inakuwa na rangi ya waridi, kisha inazima yenyewe. Nikizima swichi na kuwasha tena, inarudi. Juzi imenizimikia Tangi Bovu kwenye foleni, hapo afadhali. Naogopa siku itakayonizimikia Wami. Gereji wanasema ninunue taa nzima.

#13 Fundi Waya

Dada, usinunue taa nzima bado. Waridi ni dalili ya glopu ya zenoni iliyozeeka. Hamisha glopu ya kulia ije kushoto, ya kushoto iende kulia. Ugonjwa ukihama nayo, ni glopu. Ukibaki palepale, ni balasti, kile kifaa kinachoipa glopu umeme, au soketi yake, mara nyingi maji yameingia. Lakini usifanye mwenyewe: wakati wa kuwaka balasti inatupa zaidi ya volti 20,000. Fundi azime swichi, achomoe betri, asubiri kidogo.

Soma maandishi ya glopu. D2 na D4 zinafanana, ila D2 inafanya kazi kwa volti 85 na D4 kwa 42, haziazimani balasti. Herufi S ni ya projekta, yaani taa yenye lenzi ya duara, R ni ya rifleta, hiyo R ina rangi nyeusi imepakwa kwenye kioo makusudi. Nunua mbili kwa pamoja, ukibadili moja utakuwa na jicho moja jeupe na moja la manjano.

#14 Kipara cha Moro

Hili la zenoni kuzima na kurudi ukizungusha swichi lina historia. Wenye Prius za 2006 hadi 2009 Marekani walililalamikia sana mpaka ikawa kesi ya pamoja dhidi ya Toyota. General Motors nao mwishoni mwa 2014 waliita magari zaidi ya 316,000, kifaa cha kuendeshea taa kilikuwa kinapata joto, dimu zinazima gari likiwa mwendoni.

Kinachoniuma ni kwamba sisi wa mtumba barua za wito hazitufikii. Gari likishatoka Japani, kiwanda hakijui liko Mbezi au Mbeya. Lakini kampuni za kule zina kurasa za kuangalizia kwa namba ya chasisi. Ukurasa ni wa Kijapani, simu inatafsiri, dakika tano umeshajua kama gari lako liliitwa na kama lilitengenezwa kabla halijasafirishwa.

#15 Mwalimu Mstaafu

Vijana wangu, nami niweke neno. Mwaka juzi nililalamika hivihivi. Nikabadili glopu, nikasugua vioo, nikagombana na fundi. Taa za wanaokuja nilikuwa naziona zina duara kama mwezi wenye kiwingu. Binti yangu akanipeleka hospitali ya macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Fundi wa watu nilimwomba radhi.

Na kabla ya hospitali, oshea kioo cha mbele kwa ndani. Kile kina utando wa vumbi na moshi ambao mchana hauonekani.

#16 Fundi Waya

Shikamoo mwalimu. Hilo tungelisema la kwanza kabisa. Na mipira ya waipa iliyokwisha inachora kioo, kila mchoro usiku unawaka.

#17 Mwalimu Mstaafu

Marahaba.

#18 Nakuru Moja

Huku Kenya gari haliingii likiwa limezidi miaka minane, lakini taa huchakaa tu. Niongeze moja ya ukungu. Kule Timboroa asubuhi na mapema, mtu akiona hafifu anawasha fulu. Unawasha ukuta mweupe mbele yako. Dimu, taa za chini za ukungu kama ziko, na mguu utoke kwa mafuta. Makanika wangu huniambia taa ya ukungu ni ya kuona mstari, si ya kuona mbali, kwa hivyo anayezunguka mjini nazo zikiwaka usiku mkavu anasumbua watu tu.

#19 Shombe la Tanga

Fundi nimefanya lile jaribio lako. Shemeji yangu kavaa koti jeusi, mita sitini nimehesabu hatua. Sikumwona. Nilimwona alipowasha sigara.

Nimerudisha halojeni leo. Msinicheke.

#20 Msafiri wa Jioni

Wakuu, narudisha majibu, jana na leo nimeshinda gereji.

Umeme kwanza. Injini inawaka, betri inasoma 13.9. Nyuma ya soketi ya taa, dimu ikiwaka, 11.4. Fundi wa hapa mtaani alibisha, tukapima tena, ileile. Tukaweka ncha moja kwenye mguu wa hasi wa taa na nyingine kwenye hasi ya betri: 1.6. Tukafuata waya wa ethi, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi, hadi kwenye boliti moja chini ya taa ya kushoto, imekula kutu yote, ukiigusa inazunguka. Kumbe gari lilishawahi kugongwa pale na kunyooshwa, boliti ikafungwa juu ya rangi. Volti nyingine zilikuwa zinafia kwenye swichi ya usukani, plastiki yake imeanza kuwa ya kahawia.

Tumesugua, tumefunga ethi mpya, tumeweka relei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo) na fyuzi zake, umeme wa taa utoke moja kwa moja kwenye betri. Soketi sasa inasoma 13.3. Hizo ni glopu zilezile za kawaida za mara ya kwanza, nilikuwa nimezitupa kwenye droo.

Ukutani: taa yangu iko sentimita 65. Ukingo ulikuwa 70. Nimecheka mwenyewe. Nimeshusha hadi 60. Spesa nimetoa, nimeweka ngao ya chini badala yake, kisha nikapima upya kwa sababu gari lilikaa tofauti.

Vioo bado viko kwa fundi rangi, cha kulia kina zile nyufa za dawa ya mbu, huenda nikanunua taa nzima upande ule. Hata hivyo usiku wa jana na kioo kimoja kizuri nilikwenda hadi Mlandizi na kurudi. Hakuna aliyenipiga fulu. Mstari wa pembeni naona.

#21 Fundi Waya

Kwa faida ya wengine: glopu ya halojeni haipungui mwanga sawasawa na volti, inapungua kwa kasi zaidi. Ikikosa sehemu moja ya kumi ya volti, mwanga unakosa karibu theluthi. Kwa 11.4 ulikuwa unapata kama asilimia 60 tu ya mwanga wa glopu, kabla haujakutana na kioo kilichokufa. Relei ulizoweka ndizo nafuu yako, swichi ile ingeungua. Wenye Land Cruiser za 70 wasiige mchoro wako bila kuangalia, nyingi zinakatwa upande wa hasi, ukifunga relei kama kawaida utashangaa.

Sasa punguza mwendo. Themanini ni mita 22 kwa sekunde. Mpaka mguu ufike kwenye breki zimeshakwenda mita 33, kisimamo kwenye lami kavu na matairi mazuri mita 36 tena. Karibu sabini. Dimu yako, ikiwa imepimwa vizuri kabisa, inagusa lami 65. Hiyo ni dimu ya gari lolote dogo, hata jipya. Mkipishana na lori shuka hadi sitini, na siku hizi mabasi yameruhusiwa tena kukesha tangu 2023 kwa hiyo utapishana nayo mengi. Macho yatazame mstari wa kushoto, usitazame taa zake.

#22 Dada wa Mbezi

Glopu imehama na ugonjwa wake. Asante fundi, umeniokolea laki kadhaa. Naagiza jozi.

#23 Kobe Mwendapole

Yangu inapanda kulia. Sharjah hiyo. Muuzaji hapokei simu.

#24 Chuma Chakavu

Mleta mada, zile LED za elfu themanini unauza? Nina mteja.

#25 Msafiri wa Jioni

Siuzi mkuu. Ziko banda la kuku, nimezifunga kwenye betri ya zamani ya pikipiki. Huko hakuna wa kupishana naye.